Fundo la Mkono wa Kushoto

Severina alishuka bondeni asubuhi kugema ulanzi, pombe ya mianzi, kisu kiunoni, na begani kamba ya mbeta, vyombo vya mwanzi vya kukingia. Ulikuwa mwezi wa pili wa mwaka hamsini na nane, na ukungu wa Mufindi ulikuwa umelala juu ya mianzi, mzito kama blanketi la hospitali. Ukinyoosha mkono huoni vidole. Kwa hiyo alifanya kazi kwa kupapasa. Alishika chipukizi la mwanzi, akashusha mbeta iliyojaa, akakwangua kidonda cha chipukizi kwa kisu, kiasi cha ganda la kitunguu tu, ili utomvu usizibe, kisha akatungika mbeta tupu. Akaenda kwenye jingine, na jingine, mpaka mwisho wa bonde. Ulanzi unapatikana hivyo, asubuhi, mchana na jioni, msimu mzima wa mvua. Chipukizi lisipoguswa kwa siku moja linakauka.

Kugema ni kazi ya wanaume. Severina aliianza mwaka ambao mumewe, Kalinga, aliondoka, na watu wa kitongoji cha Isaula walisema mpaka wakachoka.

"Mama Esta, utaota ndevu," walimwambia.

"Zikiota nitanyoa kwa kisu hikihiki," akawajibu, na mwisho wakawa wanakuja kunywa kwake kama kwa mgemi mwingine yeyote.

Aliporudi mchana, ukungu umepanda, aliona kwamba asubuhi alikosea. Mbeta moja aliitungika kwenye kisiki. Chipukizi likishagemwa halikui tena kuwa mwanzi; hubaki kisiki cha kufika kiunoni, hukauka, huwa cha kijivu, na baada ya miaka michache huoza. Hiki kilikuwa kimoja cha vile alivyoviacha Kalinga. Vya Kalinga vilijulikana kwa sababu alitumia mkono wa kushoto, na mkato wake ulilala upande usio wa watu wengine.

Mbeta ilikuwa imejaa. Severina alidhani ni maji ya mvua, akaonja. Ulikuwa ulanzi, mtamu, wenye ladha ya moshi kwa mbali, na kwa moshi ule akajua ni wa mwaka hamsini na moja, kwa sababu mwaka ule ndio moto ulipita bondeni kabla ya mvua kuanza. Akanywa palepale akiwa amesimama. Alipomaliza nusu alimsikia Kalinga anakohoa kule juu mlimani.

Akapanda. Mlima wa Isaula ulikuwa shamba la chai tangu mwaka hamsini na tatu, na ua la michongoma liliuzunguka pande zote, lakini njia ya zamani ilipita katikati ya ua bila kumkwaruza. Nyumba za kitongoji, zilizobomolewa mwaka ule, zilikuwa mahali pake. Moshi ulitoka kwenye mapaa. Kuku wake mwekundu, aliyeliwa zamani na kicheche, alikuwa anaparua kando ya kinu. Severina alijigusa kinywani, na jino lililong'oka alipomzaa Esta lilikuwepo. Kiuno kilikuwa chembamba, magoti hayakulia. Alisikia ndani ya mwili ule kicheko kimekaa tu, kinasubiri sababu, kama alivyokuwa nacho siku zote za miaka ile bila kujua kwamba ni kitu cha kwisha.

Kalinga alikuwa mlangoni ananoa kisu.

"Chumvi imekwenda wapi?" akamuuliza.

"Umekula."

"Mtu mmoja anamaliza chumvi yote ile?"

"Mtu hapana. Mbuzi anaweza."

Kalinga akatupa jiwe la kunolea chini, akacheka. Severina alitaka kumwambia neno jingine kabisa. Alitaka kumwambia asipande lori. Lakini kinywa kilikuwa cha mwaka ule, na kinywa cha mwaka ule kilijua habari za chumvi tu. Basi wakagombana kuhusu chumvi mpaka ulanzi ukaisha mwilini, na lilikuwa gomvi tamu kuliko chochote alichokula kwa miaka mitano.

Mlinzi wa shamba alimkuta ameketi katikati ya mistari ya chai, amenyoosha miguu. Mlinzi huyo alikuwa Mnyakyusa kutoka Rungwe, jina lake Andendekisye, mtu mrefu mwenye koti la jeshi, aliyekuja kazini mwaka hamsini na tano.

"Dada, umekaa kwenye chai."

"Nimekaa kwangu."

Andendekisye akatazama kushoto na kulia. "Haya. Lakini ukisimama, usivunje vikonyo."

*

Tangu siku hiyo Severina aligema visiki vya mumewe pamoja na machipukizi ya mwaka. Cha hamsini kilitoa ulanzi wa hamsini, cha hamsini na mbili wa hamsini na mbili. Mbeta moja ilikuwa na siku moja ndani yake, ile siku ulanzi wake ulipodondoka. Mtu hakuweza kuchagua siku. Aliweza kupata siku ya arusi au siku ya kupalilia, na watu waliona kwamba ya kupalilia ilikuwa nzuri vilevile.

Habari haikukaa bondeni. Wa kwanza kuja alikuwa mama yake Kalinga, Bibi Evarista, aliyekuwa akiishi na Severina ng'ambo ya mto, kule walikohamishiwa watu wote wa Isaula. Alikunywa kibuyu kidogo, akapanda akiwa na fimbo na akaiacha njiani. Aliporudi macho yalikuwa yanang'aa.

"Nimemkuta mke mwenzangu," alisema. "Marehemu. Nimemtukana mpaka mgongo umepona."

"Na yeye?"

"Amenitukana vizuri sana. Sikujua kama nilimkumbuka hivi."

Alikuja Liberatus seremala, ambaye mguu wake ulisagwa na trekta. Alipata siku ya ngoma ya mavuno. Watu waliosimama nje ya ua walimwona anaruka katikati ya chai, anapiga mguu ule chini mpaka udongo unaruka, na ulanzi ulipomwisha ilibidi wanaume waingie kumbeba. Kesho yake asubuhi alikuwa wa kwanza pale kwa Severina.

Walikuja wengine wengi. Hawakuja kulewa, kwa maana ulanzi ule ulikuwa mtamu na haukupanda kichwani. Walikuja kuwa na miaka yao. Mwanamke mwenye wajukuu alikwenda kuchota maji kwenye kisima kilichofukiwa, akarudi na nywele zimelowa. Mtu na mkewe ambao hawakuwa wakisemezana walikunywa mbeta moja wakaenda wakakaa bega kwa bega kwenye mstari wa chai, na waliporudi wakaendelea kutosemezana, lakini kwa upole. Kwenye misheni mama mmoja alimuuliza padre kama ulanzi wa zamani unavunja mfungo wa Kwaresima. Padre alifikiri, akasema Kanisa halijatamka.

Andendekisye naye aliomba. Severina alisita, kwa sababu mtu yule hakuwahi kuishi Isaula. Lakini alimpimia. Mlinzi akapanda na bunduki yake ya kufukuzia nguruwe, akakaa huko hadi jua likaelekea kutua.

"Ndaga, dada," alishukuru kwa Kinyakyusa aliporudi. "Watu wenu wana ukarimu. Wameniita mgeni, wamenipa kigoda, wamenipa ugali na maboga. Nimeongea na mumeo."

Severina akaacha kuosha mbeta. "Umeongea naye? Kwa kinywa chako?"

"Sasa ningeongea kwa kinywa cha nani? Kaniuliza natoka wapi, nikamwambia Rungwe. Kaniuliza kwetu mvua inaendaje. Kaniuliza na bunduki ni ya kazi gani, nikamwambia ya nguruwe. Mtu mzuri. Anatumia kushoto."

Hapo Severina akaelewa namna jambo lilivyo. Aliyekuwepo siku ile huingia ndani ya mwili wake wa siku ile na kusema yaleyale. Ambaye hakuwepo huja kama mgeni, na mgeni ana kinywa chake. Akamalizia kuosha mbeta, akaziinamisha zikauke, kisha akaenda peke yake mpaka mwisho wa bonde, kwenye kisiki alichokuwa hajakigusa.

*

Ilikuwa hivi. Siku matingatinga yalipopanda Isaula, mwaka hamsini na tatu, mwanzo kabisa wa msimu wa ulanzi, Severina hakuwepo. Alikuwa hospitali ya misheni, ana uchungu wa Esta. Siku hiyohiyo lori la watu wa migodi lilikuwa limesimama barabarani, likikusanya vijana wa kupeleka Mbeya, na kutoka Mbeya kusini. Majirani walimsimulia baadaye. Kalinga alitazama nyumba yake inalala chini, akasema hana tena pa kumleta mtoto, akashuka bondeni kwenye mianzi kidogo, kisha akaenda kwenye lori. Hakuna aliyemfuata bondeni. Kila mtu alikuwa anaokoa vyungu vyake.

Sasa, mgemi wa kule anapokwenda safari hufunga fundo la unyasi juu ya chipukizi lake. Fundo linasema: hili lina mwenyewe, anarudi. Akienda mnadani hufunga, akienda matanga hufunga. Asiyefunga amewaachia wagemi wengine wachukue, na hakuna atakayemuuliza tena. Severina alipofika na mtoto mgongoni, ng'ombe wa watu waliohamishwa walikuwa wamepita mle bondeni na kula kila unyasi. Chipukizi lilikuwepo, mkato wa kushoto ulikuwepo, mbeta ilikuwa chini. Fundo halikuwepo, na huwezi kumuuliza ng'ombe alikula nini.

Miaka mitano aliishi na swali hilo. Mwaka hamsini na tano alipanda lori la mahindi mpaka Mbeya, Esta mgongoni, akasimama nje ya kambi ya watu wa migodi, yenye mabati, chini ya mlima wa Loleza. Wanaume walikuwa wanarudi kutoka kusini na kofia, masanduku ya chuma na mablanketi mapya, wanaongea lugha iliyochanganyika. Aliwasalimia wote. Wengine walisimama wakamtazama mtoto vizuri, wakasema hapana, dada, hatumjui. Akanunua mchele kidogo wa Usangu kwa ajili ya mama mkwe, akarudi. Wanaume wawili wa heshima walileta posa baada ya hapo, na Bibi Evarista mwenyewe alisema hatamzuia. Severina aliwajibu wasubiri kidogo. Hakusema wasubiri nini.

Alikwangua kisiki kile cha hamsini na tatu, akatungika mbeta. Jioni kulikuwa na tone moja. Kalinga alikigema asubuhi moja tu, kwa hiyo kilikuwa na asubuhi moja tu ya kutoa, na kiliitoa polepole, tone kwa siku, siku nyingine hata hilo hamna. Severina aliifunika mbeta kwa jani la mgomba, akangoja utoshe kumpandisha mtu mmoja. Hakufikiri kwamba atamzuia Kalinga. Lori lilishaondoka, hilo alilijua. Lakini siku ile yeye hakuwepo mlimani. Angefika kama mgeni, na kinywa chake. Angetazama mikono ya Kalinga kwenye unyasi. Na angemwambia kwamba mtoto ni msichana.

*

Shambani meneja alikuwa na shida yake. Wachumaji hawakuweza kupita, kwa sababu kila mchana kulikuwa na watu wameketi kwenye mistari. Hawakuharibu kitu. Waliketi tu, wengine wanakoroga chungu kisichoonekana, na harufu ya maboga ilifika mpaka kiwandani ikachanganyika na majani yanayokaushwa. Meneja alimtuma Andendekisye awatoe.

"Nimewaambia, bwana," Andendekisye alijibu. "Wanasema wako kwao."

Aliyeona maana ya jambo lile alikuwa Jumbe Filemoni, mkuu wa watu wa Isaula. Alisimama nje ya ua mchana kutwa, mikono nyuma, anatazama wanakokaa. Hawakukaa ovyo. Bibi Evarista alikaa daima palepale, na Liberatus palepale, na kati yao uwazi wa kiasi cha zizi. Walikaa kama kitongoji kilivyokaa. Serikali ilipotoa mlima ule kwa shamba iliambiwa ni pori tupu, pori la nguruwe, hakuna mtu aliyewahi kulala juu yake. Jumbe Filemoni alikuwa amelikanusha hilo kwa miaka mitano bila kusikilizwa. Sasa akapeleka neno Iringa kwamba safari hii hana haja ya kusema, waje watazame.

Bwana Shauri, ofisa wa serikali wa wilaya, alikuja, lakini hakuja haraka. Aliposhuka kwenye landrova yake mvua zilikuwa zimekatika, ulikuwa mwezi wa tano, na visiki vyote vilikuwa vimekauka. Alikuwa kijana wa Kizungu mwenye magoti mekundu, mwenye adabu, na Kiswahili chake kilikuwa safi kama cha kitabuni. Alisikiliza habari yote, ya visiki, ya miaka, ya mahali watu wanapokaa. Hakuguna wala hakucheka. Alipomaliza kusikiliza alisema:

"Siwezi kuchukua ushahidi wa watu waliokunywa pombe. Mnafahamu. Jambo hili itanipasa nilione mwenyewe. Nipeni huo ulanzi."

Watu wakatazamana, kisha wote wakamtazama Severina.

Jumbe Filemoni alimvuta kando, chini ya mkaratusi. "Mwanangu, najua unacho."

"Ninacho kimoja, baba."

"Ni cha siku ile."

"Ndiyo."

"Basi ndicho hicho. Akiona nyumba zimesimama, akaona na matingatinga yanakuja, atasema nini tena? Atasema pori?"

Bibi Evarista, aliyekuwa amefuata na fimbo yake, alisema, "Jumbe, mwache apumue. Mimi mwanangu nilimjua kabla ya mtu yeyote. Huyu ndiye ana la kujua." Kisha akamgeukia mkwewe. "Ni chako, mama. Ukisema hapana, nitawafukuza wote na fimbo hii, na huyo mwenye magoti nitaanza naye."

Severina akacheka kidogo, na akicheka ndipo akaamua. Alifikiri hivi: Kalinga alisema hana pa kumleta mtoto. Akiwa amefunga fundo, anarudi wapi? Kwenye ua la michongoma? Mlima ukirudi kwetu, mwenye fundo atakuwa na mahali pa kurudi. Alikwenda bondeni akaileta mbeta na jani lake. Chini kabisa mlikuwa na ulanzi wa mtu mmoja tu, usiotosha kugawana.

"Bwana Shauri," alisema, "nina ombi. Ukifika huko, utamwona mtu anashuka kwenye mianzi, anatumia mkono wa kushoto. Mtazame mikono. Tazama tu kama anafunga fundo la unyasi juu ya chipukizi."

"Fundo la unyasi," Bwana Shauri akarudia. "Nitatazama."

Habari ya msichana hakumtuma. Ile haikuwa ya kutuma.

Bwana Shauri alivua kofia, akanywa yote bila kupumzika, akafuta mdomo kwa leso. Akaingia kwenye ua mahali ambapo hapakuwa na mlango. Watu walimwona anatembea kati ya mistari ya chai, anasimama, anainama kana kwamba mlango ni mfupi, anapima kwa miguu upana wa kitu, anageuka, anapima kingine. Alifanya kazi kwa uaminifu, hakuna aliyeweza kumlaumu kwa hilo. Baadaye alisimama mahali pamoja muda mrefu, ameelekea bondeni. Kisha wakamwona anageuka kwa ghafla, anatoa mkono, anainamisha kichwa na kukaa chini, juu ya kitu kifupi.

Alirudi uso umekuwa mweupe zaidi. Aliomba maji. Watu wa Isaula walimngoja anywe.

"Ni kweli," alisema. "Kulikuwa na nyumba. Zilikuwa nyumba nzuri, na makaburi yalikuwepo, na kisima. Niliona matingatinga. Serikali iliambiwa uongo, nami nasikitika sana."

Wanawake walianza kupiga vigelegele. Akainua mkono.

"Lakini chai imeshapandwa. Mkataba wa shamba ni wa miaka mingi kuliko umri wa mtu, na hauna kifungu cha jambo la namna hii. Nitasema Iringa kwamba ni kweli. Zaidi ya hapo sina uwezo."

Vigelegele vilikufa kimoja kimoja, vya nyuma vikiwa vya mwisho kwa sababu hawakuwa wamesikia vizuri. Jumbe Filemoni aliendelea kusimama na mikono nyuma. Alisema, "Tumesikia, bwana," kama mtu aliyepokea salamu.

Severina alimfuata Bwana Shauri mpaka kwenye gari.

"Ulimwona?"

"Nilimwona. Alishuka kwenye mianzi, kama ulivyosema. Shati lake lilikuwa limechanika begani. Alikwangua chipukizi, akatungika ile mbeta, akainua mikono, yote miwili, hivi." Bwana Shauri aliinua mikono yake akaionyesha. "Nilikuwa namtazama yeye. Lakini mama mmoja wa pale alinigusa, ameniletea kigoda. Matingatinga yanapanda mlima, na yeye ameona mgeni amesimama. Niligeuka kumshukuru. Ilinibidi nimshukuru."

"Na ulipogeuka tena?"

"Alikuwa ameshaondoka kwenye mianzi. Anakwenda barabarani."

"Na juu ya chipukizi?"

"Lilikuwa mbali," alisema Bwana Shauri. "Niwie radhi. Ng'ombe walikuwa wameanza kuingia."

Nyuma yao Bibi Evarista alikuwa amekaa chini barabarani. Kigoda kile kilikuwa chake. Alikumbuka sasa kwamba siku ile, katikati ya vumbi, alimpa kiti Mzungu mmoja asiyemjua, mwenye magoti mekundu, na tangu hapo hakuwahi kujiuliza alitoka wapi.

*

Meneja hakuwa mtu mbaya kwa watu waliokaa kimya. Baada ya shauri lile alikubali kwamba wanaokuja na ulanzi wa zamani waruhusiwe kuketi, ili mradi wasivunje vikonyo. Wachumaji waliagizwa wachume kwa kuwazunguka. Mwaka hamsini na tisa mvua ziliponyesha, vile visiki vilivyobaki viliamka tena vikadondosha, na watu wakapanda kama kawaida. Liberatus alicheza na akabebwa. Wachumaji wengi walikuwa wasichana wageni kutoka Njombe na Ubena, na walizoea upesi; wakifika kwenye mstari wa nyumba ya mtu walisema "Hodi" kabla ya kupitisha vikapu. Akina mama waliokuwa wameketi walijibu "Karibuni", kisha wale wakachuma chai.

Andendekisye alipokwenda likizo kwao alipitia Mbeya, akaulizia kambini, akarudi na ndizi, bila habari. Alikaa karibu na Severina kwenye ukingo wa mto, akamenya moja akampa.

"Mimi nilikaa naye siku nzima, dada, ile ya mwaka hamsini na mbili. Alikuwa anakwenda kwa jirani tu, nyumba ya pili, kuazima shoka. Alifunga fundo."

"Najua," alisema Severina. "Ya kwenda kwa jirani aliyafunga yote."

Kisiki cha hamsini na tatu hakikuamka. Alikikwangua kila asubuhi na kilibaki kikavu, na kwa ndani kilikuwa kimeanza kuwa unga. Wenye posa walioa kwingine. Esta alikuwa ameanza kubeba mbeta mbili ndogo, na alimuuliza mama yake kwa nini anasimama sana pale mwisho.

Kwa maana Severina alikuwa na utaratibu mpya. Alikuwa amefikiri kwamba machipukizi anayoyagema sasa yatakuwa visiki nayo, na siku moja, yeye akiwa hayupo au ni mzee, mtu atakosea kwenye ukungu, na mwaka hamsini na tisa utadondoka. Mtu atakunywa na kuja kwenye siku kama hii. Huenda ni mtu aliyekuwa safarini, mwenye shati lililochanika begani, na huenda ni mgeni tu aliyetumwa kutazama.

Basi kila alipomaliza kugema chipukizi la mwisho, aling'oa unyasi mrefu, akageuka kuelekea mlimani mahali panapoonekana vizuri, akainua mikono yote miwili. Akafunga fundo polepole. Alipolikaza hakuondoka mara moja. Aliacha mikono palepale juu, akasimama kwa muda wa mtu kupewa kigoda, kushukuru, na kugeuka tena kutazama.